Mazishi ya baba yalianza saa 4 kamili

Tulipomzika mama, kijitabu cha ibada kilikuwa kizuri kwa macho: karatasi nzito, picha ya rangi, maua pembeni. Ndani tuliandika alipozaliwa, aliposoma, alipofanya kazi, alivyougua na watoto aliowaacha. Ungefuta jina lake ukaweka la mwanamke mwingine wa umri ule, hakuna mstari ambao ungekataa. Na jina lenyewe lilikuwa lile la kwenye kitambulisho, ambalo majirani hawakuwahi kulisikia. Niliwaona wakiulizana kwa macho kama wamekosea msiba.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye orodha ya watoto. Kuna kaka yetu ambaye mama alimlea tangu ana miaka 4. Hakumzaa, lakini miezi yote ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali na kumrudisha. Jina lake halikuwemo. Hakuna aliyekusudia, majina yalinakiliwa kutoka fomu fulani ya zamani, na sisi wengine hatukusoma kabla ya kuchapa. Alikaa safu ya 3, akafungua kijitabu, akageuza ukurasa, akaurudia ule wa mwanzo, akakifunga. Hakusema neno siku ile wala baadaye, na mimi mpaka leo sijajua nimwambie nini.

Baba alifariki miaka 6 baadaye. Safari hiyo nilijua nisichokitaka, na hayo ndiyo ninayoyaandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayepewa kalamu katikati ya msiba na kuambiwa, "Wewe ndiye unayejua kuandika, tuandalie."

Tukianza na hilo la majina: kaa na wakubwa wa familia mkubaliane nani anatajwa, na kwa jina lipi, kabla karatasi haijaenda kuchapwa. Watoto wa ndoa na wa nje ya ndoa, wa kulelewa, mke wa kwanza, wajukuu waliotangulia. Maneno ni bora yatoke sebuleni usiku kuliko kaburini mchana. Kisha wasome watu 2 ambao hawakuandika, kila mmoja kwa wakati wake.

Sasa wasifu wenyewe. Mtu akitaka mazishi yamfanane marehemu, akili hukimbilia vitu vya kununua: rangi ya jeneza, mapambo, mabango. Sikatai, lakini vitu hivyo huwa vinaonyesha zaidi uwezo wa wafiwa. Baba alikuwa na tabia ya kuandika tarehe kwenye kitako cha kila balbu aliyoifunga nyumbani, ili ikiungua ajue imedumu siku ngapi, akamsute aliyemuuzia. Sentensi hiyo iliposomwa, watu walicheka msibani. Katikati ya kile kicheko shangazi akaangua kilio, na hakuwa ametoa chozi tangu tupate habari.

Vitu kama hivyo havipatikani kwa kuuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Utaambiwa mkarimu, mcheshi, mpenda watu, na kila marehemu huambiwa hivyo hivyo. Uliza alikuwa akikaa kiti gani. Alikuwa akisema nini kila siku mpaka mkachoka? Mfukoni hakukosa nini? Akikasirika alinyamaza au alifoka? Waulize wajukuu, na waulize aliofanya nao kazi, kwa sababu sisi watoto tunamjua mzazi kwa upande mmoja tu. Usiku wa pili wa msiba nilizunguka na daftari miongoni mwa watu waliokuja kukesha nasi. Nilijaza kurasa 11. Nilitumia moja na nusu, na zile nyingine ninazo.

Usimfanye malaika. Baba alikuwa bahili, hasa wa betri. Alizichomoa kwenye rimoti kila usiku akiamini zinapumzika. Tulilisema hilo, na likamleta karibu kuliko sifa zote tulizompa. Kipimo changu ni hiki: angekuwepo, angecheka, au angeinuka akatoka? Kama angetoka, liache. Msiba si mahali pa kudai hesabu na mtu asiyeweza kujibu.

Urefu: dakika 5 zinatosha, na kwa mwendo wa msomaji aliyefiwa hizo ni kama maneno 500. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake. Na awepo msomaji wa akiba aliyekwisha kuipitia nakala yake. Mdogo wangu alifika aya ya 3 sauti ikakatika. Binamu yetu akainuka, akasimama ubavuni kwake, akaendelea palepale alipoishia, bila mtu kunong'ona wala kutafuta karatasi.

Jambo ambalo watu wanalikumbuka zaidi, hata hivyo, halikuwa maneno. Baba alikuwa mtu wa saa. Safari ikipangwa alfajiri, yeye alikuwa mlangoni amevaa viatu kabla ya jogoo. Basi tukaamua ibada ianze saa 4 kamili, si saa 4 ya kwenye tangazo tu. Mwongozaji alisita, akasema watu hawafiki kwa wakati, tutaaibika. Tukaandika kwenye ujumbe wa taarifa: "Baba hakuwahi kumsubiri mtu. Tunaanza saa 4 kamili." Saa yake ya mezani tuliiweka karibu na jeneza, imetegwa. Ilipolia, nusu ya viti vilikuwa vitupu, na tukaanza. Robo saa baadaye pamejaa watu wanaoingia wamejikunyata, wanatabasamu kwa aibu, kama vile wamekutwa naye mlangoni. Hilo halikutugharimu hata senti.

Lakini lazima niseme: lile la saa liliwezekana kwa sababu tulimwona kiongozi wa dini siku iliyotangulia. Kila imani ina utaratibu wake, na usiende na mipango yako imekwisha kukamilika. Kwa Waislamu, kwa mfano, maiti huzikwa mapema iwezekanavyo, kwa sanda isiyo na mapambo, na sala ya jeneza haina nafasi ya hotuba za wasifu. Kumkumbuka mtu huingia kwenye dua na sadaka inayotolewa kwa niaba yake. Wayahudi nao huzika haraka na kwa sanda ya kawaida. Hapo usishindane na ibada. Lako la pekee litafutie siku nyingine, watu wakishatulia. Kusema kweli, mkusanyiko wa kumbukumbu miezi kadhaa baadaye una utulivu ambao siku ya kuzika haiwezi kuwa nao.

Ya mitambo nitayapitia haraka, ingawa ndiyo huaibisha watu. Wimbo alioupenda uwe umepakuliwa kwenye simu, usitegemee intaneti. Simu hiyo iwekwe hali ya ndegeni isije ikalia katikati. Na awepo mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, wa kubonyeza. Jaribuni spika mahali penyewe. Picha za kuchapa zisitumwe kama picha za kawaida za WhatsApp kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Zitume kama faili. Kwa uchapaji mzuri, picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Kijitabu cha kukunja na kubana katikati kurasa zake hugawanyika kwa 4, yaani 4, 8 au 12, kwa hiyo ukiandika kurasa 9 utalipia 3 tupu. Na picha ya jalada isiwe ya pasipoti, tafadhali. Hakuna anayemkumbuka mtu wake akiwa ameambiwa asitabasamu.

Mdogo wangu alitaka redio ndogo ya baba tuiweke ndani ya jeneza. Kwa kuzika, hilo ni la kukubaliana na familia na wenye makaburi. Wanaochoma mwili, wao wana sharti: betri haziingii kwa sababu hulipuka kwenye moto, na kama marehemu alikuwa na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, waambieni wahusika mapema ili kitolewe. Sisi tulizika. Redio ikaingia, lakini betri tulizichomoa. Wote tulijua angetukasirikia tukizifukia zikiwa bado na nguvu.

Watoto wapewe kazi ndogo wakiitaka, na waruhusiwe kuikataa dakika ya mwisho. Mjukuu wa miaka 7 ndiye aliyetega ile saa. Tulimwambia kwa maneno ya wazi kwamba babu amekufa na hatarudi. Tungemwambia amelala, nadhani angeshangaa kwa nini kengele haimwamshi.

Mwaka mmoja baadaye tulikutana tena, watu wachache, meza moja. Tuliweka bisibisi zake, miwani iliyofungwa waya, daftari lake la kazi, na balbu 4 zilizoungua zenye tarehe. Pembeni kadi na kalamu. Kwenye msiba wa mama tuliweka kitabu cha rambirambi, na kurasa 30 zote zilisema "pumzika kwa amani". Safari hii juu ya kadi tulichapa swali: "Alikutengenezea nini?"

Watu waliandika hadi nyuma ya kadi. Feni, pasi, mguu wa kiti, baiskeli ya mtoto. Mmoja aliandika ndoa. Kaka yetu yule wa safu ya 3 aliandika kwa muda mrefu amegeukia ukutani. Kadi yake aliiweka mfukoni akaondoka nayo, na sikumwuliza.

Nyingine nimezipiga picha, nimewatumia ndugu wote, na zenyewe ziko kwenye bahasha moja. Moja haina jina, mwandiko siujui: "Redio. Aliniambia nitalipa nikipata. Sijapata bado." Mdogo wangu anamtafuta mwenye kadi hiyo mpaka leo, anasema deni ni deni, na siku hizi amekuwa bahili vilevile.