Juma asome nini

Mwanangu Zaituni,

Hapa Bombo hatujambo, mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Umeuliza Juma akienda Makerere asome fizikia au uinjinia. Nimekaa na swali lako hadi likageuka jingine: kati ya mwanasayansi na injinia, nani humtangulia mwenzake?

Shuleni mliambiwa sayansi hugundua, injinia hufuata nyuma akitumia. Mbona kwa pampu ilikuwa kinyume? Mafundi wa Ulaya walijua pampu ya kuvuta kutoka juu haipandishi maji kupita mita 10 hivi, wakaishi na kikomo hicho bila kujua sababu. Mwaka 1644 ndipo Torricelli wa Italia alipoandika kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wake ndio unaoyasukuma maji. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na hata mita 9 ni bahati. Kwa hiyo kwenye visima virefu silinda ya pampu tunaizamisha majini, iyasukume maji badala ya kuyavuta.

Lakini hayo unayajua. Kinachonichoma hadi leo ni kile kisima cha nyuma ya shule. Alfajiri maji yalitoka mekundu, nguo zikaingia madoa, chai ikawa nyeusi, kina mama wakayakataa. Akaja kijana wa ofisini na chupa, akachota mara moja tu, akaandika: ardhi ina chuma, kifungwe. Nikamwambia, bwana, maji huulizwa. Tupampu hadi adhuhuri, uchote tena. Akaitazama spana yangu, akacheka mbele ya watu.

Nikapampu na watoto wa shule. Wekundu ukapungua, ukaisha. Chuma cha ardhini hakiishi kwa kupampu. Kile kilikuwa kutu ya mabomba yaliyolala majini usiku kucha. Haya, siku ile mwanasayansi alikuwa nani, mwenye chupa au mwenye spana?

Ingawa, nisijisifu. Kwa nini zinki iliyopakwa mabomba yale ya chuma kuzuia kutu iliisha upesi hivyo, ni maabara iliyotwambia: maji yale yana asidi, na pH, kile kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 6.5 zinki haihimili. Tukatia mabomba ya plastiki. Kumbe sayansi ndiyo... la, na nani aliyesema maji yapelekwe maabara? Maji huulizwa, Zaituni. Mmoja huyauliza apate kujua, na akikosa jibu mwaka huu atarudi mwakani. Mwingine huyauliza huku kina mama wamepanga jerikeni, na lazima aamue na nusu ya jibu mkononi.

Kwa Juma siamui, mtoto ni wako. Ila Idi iliyopita aliifungua redio yangu, akanieleza vizuri sana kwa nini inakoroma, kisha akaenda kucheza mpira. Inakoroma bado. Nina neno langu juu ya hilo, lakini mama yako amenikataza kuliandika.

Baba yako