Dawa "inapita" au "inapenya" ngozi?

SWALI: Ninasomea famasia hapa Bukavu. Ninaandika karatasi ya maelezo kwa Kiswahili kuhusu dawa za kuvu za kupaka, zile zinazotengenezwa kwa nanoemulsheni. Nimeandika: "Dawa hii inapita mu ngozi na kutibu kuvu." Mwenzangu wa Goma anasema neno ni "inapenya". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Hiyo "mu" haina kosa lolote katika mazungumzo ya Bukavu, na asikudanganye mtu kwamba unaongea vibaya. Ila ukiwaandikia na wasomaji wa mbali, tumia "katika" au "kwenye". Tatizo liko kwenye kitenzi.

Mtu akisema "nimepita mu Kadutu", yaani komuni ya Bukavu, tunaelewa kwamba alikuwa anaelekea kwingine. Vivyo hivyo, "dawa inapita mu ngozi" humfanya msomaji adhani dawa inaelekea kwenye damu. Dawa za namna hiyo zipo, lakini hii siyo. Kuvu inayoleta choa, kama Trichophyton, hukaa kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye seli zilizokufa, na chakula chake ni keratini, protini ngumu iliyomo humo. Dawa inatakiwa iingie humo na ibaki humo. Ndiyo maana ya kupenya: kuingia ndani kwa kupitia upenyo mdogo.

Angalia pia kiima. Nanoemulsheni ni vitone vya mafuta vilivyotawanywa katika maji, mara nyingi vyenye upana wa nanomita 20 hadi 200, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Dawa nyingi za kuvu haziyeyuki vizuri katika maji ila huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo vitone huibeba dawa hadi kwenye ngozi. Usiandike "vitone vinapenya". Vitone hubeba, dawa hupenya.

"Kutibu kuvu" kunanisumbua zaidi, maana nakuona hata kwenye maandishi ya wataalamu. Anayetibiwa ni mgonjwa, au ugonjwa wake. Choa tunakitibu, kuvu tunaiua, au tunaizuia isikue. Na hapo uchague kwa kuijua dawa yenyewe: terbinafini huua kuvu ya choa, klotrimazoli kwa kawaida huizuia tu isiendelee kukua. Kama dawa yako ni terbinafini, andika: "Dawa hii hupenya kwenye tabaka la juu la ngozi na kuua kuvu inayosababisha choa." Nimetumia "hu-" kwa kuwa unaeleza kazi ya dawa ya siku zote, si jambo linalotokea sasa hivi.

Kwa mgonjwa, usiishie kwenye "paka dawa". Mwambie apake wapi: "Paka kwenye choa na kwenye ngozi inayokizunguka." Choa hutanuka kuanzia ukingoni, na kuvu inaweza kuwa imeshafika mahali ambapo jicho bado halioni kitu.