Kerneli inaiona tachipadi lakini imegoma, shida iko wapi?

Swali: Nimeweka Linux kwenye laptop yangu, tachipadi imegoma kabisa. Nikiangalia /sys/bus/acpi/devices naiona ELAN1200:00 ipo, ila kwenye /sys/bus/i2c/devices haipo. Kama kerneli (kiini cha Linux) inaiona mbona haifanyi kazi? Au imeungua?

Jibu: Usiifungue hiyo laptop ndugu yangu, na usimpe fundi hela ya tachipadi mpya kwanza. Ulichokiona kule acpi sio tachipadi, ni maelezo yake tu. Ni kama hati ya kiwanja na kiwanja chenyewe, hati unaweza kuwa nayo mkononi na muhuri umepigwa halafu ukifika saiti hakuna hata bikoni. Hapa wanachanganya hata watu wazoefu.

Iko hivi, laptop ikiwaka fimwea (programu ya kiwandani iliyomo kwenye mashine, kama BIOS) inaikabidhi kerneli majedwali ya ACPI (mpango wa kuieleza kerneli vifaa vilivyomo, uliotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996), mojawapo linaitwa DSDT na humo kuna mti mzima wa vifaa, hiki kiko chini ya kile, kinaitwa hivi, kinatumia anwani hii. Kerneli inausoma na kila tawi inalifungulia folda lake kule acpi, kifaa kiwepo kisiwepo. Kuoanisha maelezo na kifaa chenyewe kunakuja baadae.

Kwa vifaa vya PCI (njia kuu ya kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta) ni rahisi maana vinajitambulisha vyenyewe, kerneli inapita inabisha hodi kila mlango, kifaa kikiitika inatafuta kwenye mti tawi lenye _ADR (anwani) ya mahali hapo, mfano 0x00150001 ni ile 00:15.1 unayoiona kwenye lspci (amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI), inavifunga pamoja basi yameisha.

I2C sasa, ile njia ya waya inayounganisha vifaa vidogo kama tachipadi yako, haina hodi. Kerneli haina njia ya uhakika ya kujua nani yuko kwenye waya, kwa hiyo inategemea maelezo peke yake: inasoma _CRS ya tachipadi (orodha ya inachotumia), inakuta kontrola gani (chipu inayoendesha waya huo) na anwani gani, ndo inaunda i2c-ELAN1200:00, halafu draiva ya i2c_hid_acpi inaidaka kwa kile kitambulisho cha PNP0C50. Na haiundi chochote mpaka kontrola yenyewe iwe imeamka! Kontrola ikilala, tachipadi yako inabaki kwenye karatasi tu, na naona kwako ndo kilichotokea.

Ingia kwenye folda la ELAN1200:00 usome faili la status. Ukikuta 0, fimwea yenyewe imekikana kifaa, nenda BIOS, laptop nyingine zina seti ya kuigeuza tachipadi iwe PS/2 (njia ya zamani ya kuunganisha kipanya). Ukikuta 15, fimwea inasema kipo na kizima, basi angalia kama kuna kiungo cha physical_node, kinachoelekeza kwenye kifaa chenyewe. Kama hakipo achana na tachipadi, panda kwa mzazi wake: faili la path litakuonyesha kitu kama \_SB_.PCI0.I2C1.ETPD, kwa hiyo mzazi ni I2C1, na kama ni mashine ya Intel piga lspci -k uone kama hiyo kontrola imeshikwa na draiva ya intel-lpss. Haijashikwa? Piga modprobe (amri ya kupakia draiva) kwa intel_lpss_pci na i2c_designware_platform halafu usome dmesg (ujumbe wa kerneli) taratibu, usirukeruke mistari.

Ukija kufanya haya kwenye Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja) usitafute ACPI, kule maelezo yanakuja kwa device tree (faili la mti wa vifaa), draiva inalinganisha neno la compatible badala ya _HID (kitambulisho cha kifaa kwenye ACPI) na kiungo cha kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye maelezo kinaitwa of_node badala ya firmware_node, ila mantiki ni ileile, maelezo huku kifaa kule.

i2c-ELAN1200:00 ikishatokea na mshale bado hausogei, hapo ndo ushuke kwenye draiva, modprobe i2c_hid_acpi, kwenye kerneli za zamani inaitwa i2c_hid tu.