Mausi imekufa na fomu inakusubiri: shotikati za kibodi ninazozitumia kila siku

Mkuu, umesema tachipadi ya laptop yako imekufa, mausi inakatakata, na una fomu ya mkopo wa chuo ya kujaza. Umepewa orodha ya shotikati kama mia hivi, unauliza uanze na zipi. Hiyo orodha iweke kando kwanza. Mimi nipo steshenari hapa Mwanga, Kigoma, kutwa najazia watu fomu, na ninazozigusa kweli hazifiki robo ya hizo. Tena zenye faida kubwa si zile za kwenda kasi, ni zile za kuokoa kazi. Mtandao ukiwa mzito, kinachokula muda ni kupoteza ukurasa uliokwisha kufunguka. Kusogeza mshale si kitu.

Kwa hiyo anza na Ctrl+Shift+T (alama ya + maana yake unavibonyeza vitufe hivyo kwa pamoja). Ukifunga kichupo, yaani ukurasa mmojawapo uliofunguliwa kwenye brauza, kwa bahati mbaya, hiyo inakirudisha. Bonyeza tena, kinarudi kilichofungwa kabla yake. Ila ujue kinachorudi ni ukurasa, uliyokuwa umeyaandika ndani ya fomu si lazima yarudi. Kurudi ukurasa wa nyuma ni Alt na mshale wa kushoto. Zamani ilikuwa Backspace, Chrome wakaiondoa mwaka 2016, maana mtu anafuta herufi kwenye fomu, ghafla karushwa nyuma na kila kitu kimekwenda. Ukikutana na kompyuta yenye brauza ya kale, chunga kidole.

Sasa fomu yenyewe. Hapa ndipo kibodi inaipiga bao mausi hata ile nzima. Tab inakupeleka kisanduku kinachofuata, Shift+Tab inakurudisha. Ukifika kwenye orodha ya mikoa, usihangaike kushuka mmoja mmoja. Andika "kig" harakaharaka, inaruka moja kwa moja Kigoma. Ukibonyeza K peke yake utatua Kagera, ukirudia unakwenda Katavi, na kuendelea. Kuna tovuti zimetengeneza orodha zao kivyao, hizo hazisikii, tumia mishale. Na ukishachagua mkoa, tulia kidogo kabla ya kugonga Tab, maana mara nyingi orodha ya wilaya inaanza kuvutwa pale pale, na ukiwahi utaikuta tupu.

Vile visanduku vya kuweka tiki unaviwekea kwa Space. Usigonge Enter katikati ya fomu! Fomu nyingi zinaielewa Enter kama "tuma", na ukishatuma nusu, kurekebisha ni safari nyingine. Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie kwa macho mawili: kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi inataka mwezi kwanza. Kijana wa tarehe 3 mwezi wa 7 anageuka wa tarehe 7 mwezi wa 3, mfumo haulalamiki, kasheshe linaanza siku cheti cha kuzaliwa kinapolinganishwa.

Ya pili kwa thamani, kwangu mimi, ni Ctrl+F, ya kutafuta neno ndani ya ukurasa. Matokeo ya mitihani ya NECTA yakitoka, ukishafungua ukurasa wa shule, andika namba ya mtahiniwa, umefika. Kwenye majina ya walioitwa kwenye usaili usiandike jina lote. Majina yetu ya Kiha, haya yanayoanza na "Nti", kila karani ana namna yake ya kuyaandika, kwa hiyo weka herufi chache za katikati ambazo una uhakika nazo. Enter inakupeleka panapofuata, Shift+Enter inarudi. Ikikuambia hakuna kitu, usimpe mtu pole mapema: mafaili mengine ya PDF ni karatasi zilizoskaniwa, yaani picha tupu, hayatafutiki. Hayo ni kusoma kwa macho, shuka na Space, panda na Shift+Space.

Za kuokoa bando: Esc inasimamisha ukurasa unaovutwa, mara nyingi maandishi yameshafika na zilizobaki ni picha za matangazo. F5 ni kurifreshi kwa kawaida. Ctrl+F5 inavuta karibu kila kitu upya, iache mpaka ukurasa uwe unakuonyesha mambo ya zamani.

Zilizobaki ni za kuzoea tu. Ctrl+L inakupeleka panapoandikwa anwani, Ctrl+T kichupo kipya, Ctrl+Tab kuhama kati ya vichupo, Ctrl+J kuona ulivyopakua (watu wengi wanapakua barua hiyo hiyo mara nne kwa sababu hawajui ilikokwenda). Linki ukiifikia kwa Tab, Enter inaifungua, Ctrl+Enter inaifungua kwenye kichupo cha pembeni. Mwenye Mac, pengi penye Ctrl weka Command.

Na laptop ikikuangusha kabisa ukaja steshenari, kabla hujaweka nywila bonyeza Ctrl+Shift+N kama ni Chrome, kwa Firefox ni Ctrl+Shift+P. Linafunguka dirisha la faragha, lisilotunza kumbukumbu za kuingia kwako likishafungwa. Ukimaliza funga madirisha yote ya namna hiyo, usifunge kichupo kimoja ukaondoka, maana likibaki hata moja akaunti yako bado iko wazi. Faili ulilolipakua nalo linabaki kwenye mashine, kwa hiyo lifute mwenyewe. Mhudumu akikutazama kwa jicho la "huniamini?", mwache atazame.