Njuka wa Tabora Boys, haya yasikieni kabla hamjashusha matranka

Wadogo zangu, wanafunzi wapya mliopangiwa shule ya sekondari ya Tabora Boys, hongereni. Usiku wa kwanza bwenini mtapewa maelekezo mengi, na mengine yataanza hivi: "Hapa tangu zamani ndivyo tunavyofanya." Basi hiyo zamani ijueni wenyewe, msisubiri kusimuliwa na wa kidato cha juu.

Shule ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920, na watoto wa machifu ndio waliolengwa hasa, warudi kwao kutawala chini ya mkoloni. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa chifu wa Unyanyembe, alisoma hapo. Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, akamaliza 1942. Mfumo ulikuwa ule ule wa shule za bweni za Uingereza, viranja wana sauti na wana marupurupu yao. Kambarage naye akapewa ukiranja. Badala ya kutulia na kula cheo, akapinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Kwa hiyo mtu akikudai heshima ya ajabu kwa jina la mila, kumbuka kwamba kuhoji nako ni mila ya hapo hapo.

Mimi hilo nililijua kwa kuchelewa. Shule niliyosomea kidato cha kwanza, ambayo siitaji, nilimchotea maji kaka mmoja wa kidato cha nne karibu mwaka mzima, eti ndiyo desturi. Siku moja nikamuuliza mpishi wa zamani pale. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Desturi yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu, tangu bomba la karibu na mabweni lilipokufa!

Lakini zipo mila za kushika kwa mikono miwili. Nyerere alisaidia kuanzisha skauti akiwa mwanafunzi pale, kwa hiyo ukiona chama unachokitaka hakipo, kusanya wenzako mkamwone mwalimu. Mdahalo usiukimbie hata kama Kiingereza chako kinakwama. Kinakwama cha wengi, ila wao wamenyamaza.

Kuhusu masomo, jiandae kuumia kidogo. Hii ni shule ya vipaji maalumu. Kwenu ulikuwa wa kwanza, na jirani yako wa kitanda naye kwao alikuwa wa kwanza. Jaribio la kwanza unaweza kujikuta wa thelathini na kitu. Usianze kukesha kwa hasira. Msuli, yaani kusoma kwa nguvu, wa usiku kucha huishia kusinzia kipindi cha hesabu. Mtafute aliyekuzidi, mkae naye, umwulize alivyolifanya lile swali.

Ndoo njoo nayo yenye kifuniko, na jina uliandike kwa rangi ya mafuta, ubavuni na chini.