Jina la mchezo lichunguze kwanza, ndipo ulipende

Barua pepe ilinikuta barazani, alasiri. Mchezo wangu wa resi za ngalawa, kazi ya miezi kumi na minne ya kukesha, ulikuwa umeondolewa kwenye duka la programu za simu. Jina lake lilibeba neno la Kiingereza ambalo kampuni moja ya nje ilishalisajili kuwa alama yake ya biashara. Nyota zote na maoni yote ya wachezaji yalipotea pamoja nao. Fulana arubaini tulizogawa Nungwi bado nazikuta mitaani na jina lile kifuani, na kila nikiziona roho huniuma.

Kosa langu ni kwamba nililitafuta jina dukani tu, herufi kwa herufi, nikaona halipo, nikafurahi. Sheria haiangalii hivyo. Swali lake ni kama mnunuzi anaweza kuchanganyikiwa, kwa jicho, kwa sikio au kwa maana. Mwaka 2011 Mojang ya Sweden, wenye Minecraft, walibanwa na Bethesda, wenye mchezo wa The Elder Scrolls, kwa kuuita mchezo wao Scrolls tu. Walipatana mwaka 2012: mchezo ukabaki na jina, alama ikaenda kwa Bethesda. Mojang walikuwa na mawakili. Mimi na wewe hatuna.

Sasa huanza na hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la dunia la haki miliki, iitwayo Global Brand Database. Ni bure. Alama hupangwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma; mimi naangalia daraja la 9, zilipo programu za kupakua, na la 41, la burudani za mtandaoni. Naandika jina kwa kila namna mtu anavyoweza kulikosea: k kwa c, s kwa z, maneno yaliyounganishwa na yaliyotenganishwa. Halafu naenda kwa wasajili wa biashara, BPRA hapa Unguja, na BRELA kwa upande wa Bara, kwa sababu alama iliyosajiliwa Bara haikulindi Zanzibar, wala ya Zanzibar haikulindi Bara. Wenzetu wengi hulipia upande mmoja wakalala usingizi.

Na usikimbilie jina linaloeleza kitu chenyewe. Kijana mmoja aliniambia mchezo wake wa bao atauita "Bao". Nikamwambia, mdogo wangu, hilo ni la wazee wote wa barazani, huwezi kumzuia mtu kulitumia, na hata ukiachiwa, nani atakupata dukani katikati ya mabao yote yale?

Jina langu jipya nililipata ufukweni. Mjomba alikuwa akifunga tanga, kamba kaiuma kwa meno, akaniambia, "Mwanangu, shika foromali hiyo isianguke." Nikaushika ule mti unaobeba tanga, mkavu, umelainishwa na viganja vya watu, neno likanikaa. Foromali. Wavuvi wanalijua, na katika michezo ya simu sikulikuta popote.

Nililitamka mbele ya watoto sita wa skuli, nikawaambia waandike. Wanne waliandika sawa, mmoja "Foramali", mmoja "Fulomali". Nikayatafuta yote matatu, kote, siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo nilipompigia mdogo wangu aanze kuchora nembo.