Kabla ya kudai pesa za shule, hesabuni watoto

Mwanangu alipokuwa gredi ya nne hapa Kisauni, Mombasa, wazazi tuliambiwa tuchange pesa za karatasi za mtihani. Tukapandwa na hasira, tukamwendea mwakilishi wadi. Alitusikiliza, kisha akatueleza kwamba kaunti husimamia chekechea na vyuo vya ufundi. Shule ya msingi iko chini ya serikali kuu. Wiki mbili tulibisha mlango usio wetu, na wazazi wengi bado huanzia hapo hapo.

Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Mwaka 2003, elimu bila malipo ilipoanza, ulikuwa 1,020. Tazama bei ya unga tangu wakati huo, utaona ninavyoumia. Na hicho kidogo nacho hufuata idadi ya watoto walioandikwa kwenye mfumo wa wizara. Tuliketi na mwalimu mkuu (msimwendee kama mwizi, huyo ndiye shahidi wenu wa kwanza) tukalinganisha rejista za kila darasa na idadi ya kwenye mfumo. Kuna watoto waliokuwa wakibanana kwenye madawati kila siku, na kwenye mgao hawamo. Hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mama zao walijifungulia nyumbani, na tangu hapo hakuna aliyefuatilia.

Basi tukafuatilia sisi. Aliyezaliwa nyumbani huanzia kwa naibu chifu, kisha ndio aende kwa msajili wa vizazi. Tuligawana nyumba, kila mzazi akashika familia tatu, nauli tukachangiana. Ni kazi ya kuchosha, tena haipigiwi makofi, lakini kila cheti kilichopatikana kilikuwa mtoto mmoja aliyeingia hesabuni.

Ukitaka kujua pesa zilizofika shuleni na zilivyotumika, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, peleka nakala hiyo kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma.

Kuhusu hiyo 1,420 yenyewe, mwenye kuibadilisha ni Bunge. Makadirio ya bajeti hufikishwa huko kufikia mwisho wa Aprili, na kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu raia yeyote kuwasilisha ombi lake. Letu tunalikusanyia sahihi Mjambere na Junda, kila Jumamosi baada ya alasiri.